Mataruma ya Gari na Somo la Uimara

Miongoni mwa mambo yanayomsumbua mwalimu-mwanafunzi anapokwenda mazoezi ya kufundisha ni swali hili: nifundishe kwa kitu gani? Chuoni ameambiwa, na ameandika daftarini, kwamba somo lianze na kinachojulikana na kuelekea kisichojulikana, na kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda. Lakini afikapo mbele ya watoto sitini au zaidi, huandika ubaoni neno "uimara", akachora kisanduku, akaamuru kinakiliwe. Kengele hulia, na uimara hubaki ubaoni.

Hoja ya makala haya ni kwamba vifaa vya somo hilo vimetuzunguka katika karakana, katika mapaa ya nyumba na katika vyombo vya bahari; na kwamba somo letu yafaa lipimwe kwa kipimo kile kile cha kazi ya fundi, yaani kama linastahimili uzito.

Karakana

Miaka kadhaa iliyopita nilizoea kupita mbele ya karakana ya kuchomelea hapa mjini Mtwara. Kazi zake za kila siku zilikuwa mageti, madirisha ya nondo na majiko. Siku moja nilikuta gari dogo kuukuu lililovuliwa viti na milango, na ndani yake fundi akijenga kizimba cha mabomba. Mwenye gari, kijana aliyekuwa akiliunda mwenyewe kwa ajili ya mashindano, alikuwa amechuchumaa kando akishika kipimo. Nilimwuliza fundi kizimba kile ni cha nini. Alinijibu kama mtu aliyekulia Msimbati: "Haya ni mataruma, mwalimu. Chombo kikipinduka, mbao si kitu. Mataruma ndiyo yanayomwokoa aliyemo."

Sijapata kusikia maelezo yaliyo bora zaidi. Katika mashua, mbao huzuia maji, lakini mataruma ndiyo yashikayo umbo. Katika gari la mashindano, bati la paa hukinga jua na vumbi. Gari likipinduka, kizimba ndicho kinachozuia paa lisimwangukie dereva.

Wala mambo haya si mageni kwetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 na kupita katika nchi zote tatu za Afrika Mashariki. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, aliyashinda mwaka 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell katika gari la Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Watu hawa hawakulijua gari kwa usukani tu.

Kweli tatu za fundi

Nilisimama pale saa nzima, na niliondoka na kweli tatu ambazo kila mwalimu wa msingi anaweza kuzifundisha.

Ya kwanza ni bomba. Kanuni za kimataifa za mashindano ya magari zinataka tao kuu, lile lipitalo nyuma ya kiti cha dereva, liwe la bomba la chuma lisilo na mshono, lenye kipenyo kisichopungua milimita 45 na unene wa ukuta milimita 2.5; au kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 2. Bomba la vipimo vile vya kwanza lina uzito wa kilo 2.6 hivi kwa kila mita. Chuma hicho hicho kikifanywa fimbo isiyo na uwazi, kipenyo chake kitakuwa milimita 21 tu, na ukinzani wake dhidi ya kupinda utapungua zaidi ya mara 8. Uwazi ulio ndani ya bomba si hasara, maana chuma kilichosogezwa mbali na katikati hufanya kazi kubwa zaidi. Mwanzi na mfupa wa ndege vimejengwa hivyo hivyo.

Ya pili ni pembetatu. Umbo la pande nne lililofungwa kwenye pembe hulala likisukumwa, kama kibanda kilichopigwa na kusi. Umbo la pande tatu halilali mpaka upande mmoja uvunjike au upinde. Kwa sababu hiyo fundi hupitisha bomba la mshazari katika kila uwazi mkubwa wa kizimba, na huangalia mshazari huo ufike penye kiungo hasa. Ukigota katikati ya bomba jingine, utalipinda. Seremala anayeunda kenchi ya paa anaijua kweli hii. Mwezi Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipoingia nchi kavu kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, wakazi wa pwani yetu walitakiwa kuhamia mahali salama. Siku kama ile, kila mtu hutazama juu na kujiuliza paa lake limefungwaje.

Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni kiungo. Mshono wa kuchomelea unaweza kung'aa na kujipanga kama magamba ya samaki, na kumbe chuma cha chini hakikuyeyuka: mshono umelala juu tu. Jicho haliwezi kuutambua sikuzote. Kwa hiyo fundi yule, kabla ya kugusa kizimba, alichomelea vipande viwili vya bomba la unene ule ule, akaukata mshono kwa msumeno wa chuma, akatazama ndani kama vyuma viwili vimekuwa kimoja. Mara ya kwanza havikuwa. Aliongeza moto wa mashine, akakata tena. Alikataa pia bomba la maji lililopakwa zinki ambalo kijana alikuwa amelinunua kwa bei nafuu: bomba lile halikutengenezwa kwa kazi ya kuhimili mgongano, na moshi wa zinki humtia fundi homa.

Benchi langu

Nakiri kwamba kweli hii ya tatu niliijua kwa gharama. Nilipokuwa mwalimu kijana, katika shule moja ambayo sina haja ya kuitaja, tuliletewa mabenchi ya vyuma yaliyopakwa rangi nzuri. Nilikabidhiwa kazi ya kuyapokea. Niliyahesabu, nikapapasa rangi, nikatia sahihi. Sikulikalia hata moja, sikulisukuma hata moja. Wiki ya tatu benchi moja liliachia kwenye mguu, na mtoto wa darasa la tatu akavunjika mkono. Tulipolipindua tuliona mshono wote umebanduka kama ganda; chini yake chuma kilikuwa safi, hakijapata kuyeyuka.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni masomo mangapi niliyoyapokea hivyo hivyo. Darasa zima linajibu kwa pamoja, sauti zinapanda, mkaguzi anatabasamu, nami natia sahihi. Lakini sikuukata mshono. Sikumwuliza mtoto mmoja mmoja kwa namna ambayo hakuizoea. Mficha maradhi kifo kitamuumbua. Na mwalimu anayeficha ugonjwa wa somo lake chini ya rangi ya majibu ya pamoja, mtihani utamuumbua, au maisha ya mtoto yatamuumbua baadaye.

Namna ya kulifundisha somo

Napendekeza hatua zifuatazo kwa darasa la tano au la sita. Hakuna kifaa kinachohitaji fedha.

(a) Waambie watoto walete magari yao ya waya, yale tunayowanyang'anya kila siku. Weka nyanya mbivu ndani ya gari moja iwe dereva. Lipindue, kisha weka tofali juu yake taratibu. Uliza: dereva amepona? Kwa nini hakupona? Usijibu wewe.

(b) Kila kikundi kichukue njiti nne za ukuti na vipande vinne vya ndala chakavu viwe viungo. Waunde mraba, wausukume kwa kidole. Kisha waongeze njiti moja ya mshazari, wasukume tena. Waeleze tofauti kwa maneno yao wenyewe kabla hujawapa neno lako.

(c) Sasa waunde sanduku: njiti 12 na viungo 8. Litalala. Waongeze mishazari mmoja mmoja mpaka liache kulala, na wahesabu. Wakiweka mmoja katika kila uso watatumia 6, na njiti zote zitakuwa 18. Usiwatajie idadi hiyo mapema. Furaha ya kuigundua ni mali yao. Hapo utakuwa umefundisha hisabati bila kuitangaza.

(d) Wasimamishe karatasi ya daftari kama ukuta, waweke kitabu juu yake. Itaanguka. Waiviringe iwe bomba, waifunge kwa uzi, waweke vitabu kimoja kimoja.

(e) Mwisho, kila kikundi kipakie sanduku lake kwa kopo la mchanga mpaka livunjike, nao waandike limevunjikia wapi kwanza. Mara nyingi watagundua kwamba si njiti iliyovunjika, bali kiungo ndicho kilichoachia. Hatua hii isiachwe. Mwalimu anayeona huruma kuvunja kazi za watoto huwanyima nusu ya somo.

Baada ya hayo yafaa kuwapeleka karakana, kwa makubaliano na fundi. Hapa pana sharti lisilo na mjadala: mashine izimwe wakati watoto wapo. Mwanga wa kuchomelea huunguza macho hata kwa kutazama kidogo, na maumivu yake huja saa kadhaa baadaye, mtoto akiwa nyumbani. Wasichana nao washike njiti na msumeno kama wavulana. Mwalimu akiwaachia kazi ya kuandika matokeo tu, amewafundisha jambo jingine ambalo halimo katika mpango wake wa somo.

Majibu kwa wapinzani

Wako wenzetu watakaosema kwamba kuchomelea ni kazi ya vyuo vya ufundi. Ni kweli, na hakuna anayependekeza mtoto wa miaka kumi na mmoja ashike mashine. Tunapendekeza ashike wazo. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Alitaka shule isitengane na maisha ya jamii inayoizunguka.

Wengine watasema tunawachochea watoto wapende mashindano ya magari, ambayo ni hatari na ya wenye fedha. Nami nasema fundi yule alifundisha hadhari zaidi kuliko mabango mengi. Alimweleza kijana kwamba kizimba bila mkanda na kofia ngumu ni hatari mpya, kwa kuwa kichwa kitagonga bomba. Na kwamba kazi ile ni ya njia ya mashindano, si ya kwenda nayo sokoni. Mtoto anayefahamu kwa nini paa hubonyea atapanda gari la abiria kwa macho yaliyofunguka.

Pingamizi la tatu ni zito: muda hautoshi, darasa ni kubwa. Sina jibu jepesi. Najua tu kwamba vipindi viwili vya njiti na ndala vimewahi kunifikisha mahali ambapo wiki nzima ya kunakili haikunifikisha, na kwamba vikundi kumi vya watoto sita ni rahisi kuviongoza kuliko watoto sitini waliochoka kuandika.

Ndugu wanachuo, mtakapopangiwa shule, iwe Mikindani, Kilambo au mbali zaidi, tembeeni kwanza. Muulizeni mjenzi wa mashua kwa nini taruma limewekwa pale, na fundi wa kuchomelea kwa nini ameukata mshono wake mwenyewe. Kisha ingieni darasani. Na kama shuleni kuna benchi lililopakwa rangi mpya, lisukumeni kwanza kabla ya mtoto kulikalia.