Kilwa Haifungwi kwa Mvua

Mtanzania akifunga safari ya Kilwa wakati wa masika, watu humuuliza kwanza nani kafariki. Wiki hii mwandishi wa safu hii alilisikia swali hilo kwa masikio yake, akisubiri mvua ipungue kwenye baraza ya nyumba moja ya wageni pale Kilwa Masoko, na hasira yake bado haijapoa.

Walioulizwa ni mume na mke, yeye mwalimu mstaafu, mkewe muuguzi aliyestaafu pia. Mikoba yao ilikuwa inachuruzika maji. Binti wa mapokezi aliwaamkia kwa adabu, akawapa pole ya safari, kisha: "Mmekuja msibani, mzee?"

"Hapana, mwanangu. Tumekuja kuona magofu ya Kisiwani."

"Mvua yote hii? Watalii wanaanza Juni. Sasa hivi hatulazi, na jiko limefungwa."

Hatulazi! Vyumba vipo, vitanda vipo, na funguo zilikuwa zinaning'inia ukutani nyuma ya binti huyo. Yeye hana kosa, anasema alichoagizwa. Mwenye kosa ni tajiri wake, aliyeamua kuwa mgeni ni yule anayeshuka kwenye ndege mwezi wa Julai na kofia pana, na kwamba Mswahili mwenye mwavuli na nauli yake halali ni mpita njia. Wasomaji wa siku nyingi wanajua safu hii ilivyopambana na kufuli: za maktaba, za vyoo vya stendi, za viwanja vya michezo. Basi na wiki hii ni kufuli.

Wazee hawakugomba. Mama ntilie mmoja jirani aliwapa chai ya tangawizi na chapati, akapiga simu, na kabla ya magharibi walikuwa na chumba kwingine. Walieleza, wakinywa chai hiyo, kwamba tangu kustaafu husafiri wakati watu wengine wamekaa nyumbani, kwa sababu bei hushuka na mtu hupata nafasi ya kutazama. Wamefika Kaole, nje kidogo ya Bagamoyo. Wameyaona makaburi ya Tongoni, kusini mwa Tanga. Walivuka hata mpaka wakaenda Gede, Kenya, wakasimama mbele ya lile kaburi lililochongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Huko nako, bibi alisema, hoteli walizozipita njiani zilikuwa zimefungwa.

Asubuhi nahodha wa mashua ya kuwavusha wazee hao hadi Kisiwani aliutazama upepo, akasubiri, akautazama tena, kisha akakubali. Mwandishi wa safu hii alipanda mashua hiyo hiyo.

Msikiti Mkuu wa Kilwa, wenye sehemu za tangu karne ya 11 na kuba za karne ya 14, hauonekani vizuri kama unavyoonekana ukilowa. Jua kali hulifanya jiwe la matumbawe kuwa jeupe tupu. Mvua hulitia weusi, na vile vitundu vidogo vidogo vya matumbawe vikajitokeza, kimoja kimoja, mpaka mtu akaona kwamba ukuta mzima ulitoka baharini. Bibi alivua miwani, akapitisha kidole ukutani, akamwita mumewe aje aone mahali chokaa ilipobanduka na maji yanapopita.

Maji hayo si jambo dogo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zinabomoka kwa mvua, mimea na mawimbi. Yalitolewa huko mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Anayekuja Julai anaona ukuta uliokarabatiwa. Anayekuja Aprili anaona unavyopigana.

Isitoshe, mji huu uliishi kwa misimu kuliko mji wowote tunaoujua. Kaskazi iliwaleta wafanyabiashara, kusi ikawarudisha makwao, na katikati yake dhahabu ya Sofala ikapita mikononi mwa masultani waliojenga Husuni Kubwa, kasri la vyumba zaidi ya 100 na bwawa lenye pembe nane juu ya bahari. Wageni walipotweka matanga, wenyeji hawakufunga majiko. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akausifu uzuri wa mji, akaandika pia kwamba mvua za huko ni nyingi. Msafiri mkubwa kuliko wote wa zama zake hakuiona mvua kuwa sababu ya kuidharau Kilwa, na mwenye gesti wa leo anaiona!

Wenye nyumba za wageni wa Kilwa, acheni walau vyumba vichache wazi na jiko moja likiwaka mwezi wa Aprili na Mei. Na wewe msomaji, barabara ya kutoka Dar es Salaam ni lami mpaka Kilwa Masoko, kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni, na kisiwani hutasukumana na mtu. Chukua mwavuli, mchukue mwenzio, na nahodha akisema subiri, subiri.