Mama mwenye kifafa, sema ili iandikwe



Hapa kambini tumechoka kuandikwa. Tunaandikwa siku ya posho, tunaandikwa siku ya uhakiki, tunaandikwa tukipewa chandarua. Ndiyo maana mama mjamzito akiulizwa kliniki, "Una ugonjwa gani wa zamani? Unatumia dawa gani?", mara nyingi hujibu kwa mkato: "Hakuna." Mwenye kifafa ndiye anayeficha zaidi. Anaogopa mama mkwe atajua, jirani kwenye foleni atasikia, au jina lake litakwama asipelekwe nchi ya tatu. Maoni yangu ni haya: katika yote tunayoandikwa, hili usilifiche.

Sababu ya kwanza ni usalama wako siku ya kujifungua. Kuna kifafa cha kawaida, ambacho ni ugonjwa wa ubongo, na kuna kifafa cha mimba, kinachotokana na ujauzito wenyewe na huendana na shinikizo la damu kupanda. Majina yanafanana, magonjwa ni mawili. Kifafa cha mimba hutibiwa kwa sindano ya magneziamu salfeti, na mara nyingi mtoto hulazimika kuzaliwa haraka. Kifafa cha kawaida kina dawa zake za kila siku. Ukiletwa wodini usiku, umeanguka na fahamu huna, mkunga atajua wapi historia yako kama kadi iko tupu?

Sababu ya pili ni mtoto. Dawa za kifafa hazilingani. Moja yao, valproeti, imethibitika kuwa na hatari kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Jambo hili lilijulikanaje? Kwa daftari. Mwaka 1982, huko Lyon nchini Ufaransa, watu waliokuwa wakiorodhesha watoto wanaozaliwa na kasoro waligundua kwamba miongoni mwa mama wa watoto wenye mgongo wazi, waliotumia valproeti walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kuchunguza kumbukumbu za watoto zaidi ya 655,000 waliozaliwa kati ya 1996 na 2006. Watoto 508 walikuwa wa mama waliotumia dawa hiyo wakiwa wajawazito. Katika hao, usonji ulikadiriwa kufikia watoto 4 hadi 5 kwa kila 100, wakati kwa watoto wote kwa jumla ulikuwa 1 hadi 2 kwa kila 100. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wanawake na wasichana wenye umri wa kuzaa wasipewe valproeti.

Fikiri, msomaji: mama mmoja peke yake asingeweza kuona jambo hilo. Angesema ni bahati mbaya, au amelogwa. Ni majibu ya akina mama wengi, yaliyoandikwa mahali pamoja, ndiyo yaliyofichua ukweli. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na watoto ni mali kuliko mali zote.

Lakini nisieleweke vibaya. Ukisoma haya usikimbilie kutupa vidonge. Kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta kifafa kikali mfululizo. Unaweza kuangukia moto au maji, na mtoto tumboni akakosa hewa. Mama wengi wenye kifafa huzaa watoto wazima. Nenda kliniki na vidonge vyako mkononi, daktari aone kama vibadilishwe. Ukiweza nenda kabla ya kushika mimba, upate pia vidonge vya foliki asidi.

Akina baba, nanyi msikae pembeni. Mke anayeogopa kuachwa hawezi kusema. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate wala kwa kulala pamoja.

Neno la mwisho ni kwetu sisi wahudumu wa afya. Hatuwezi kudai kweli huku tunauliza maswali kwa sauti mbele ya foleni nzima. Tumuulize mama faraghani. Tuandike jina la dawa na kipimo chake, siyo "anatumia dawa" tu. Mtoto akichelewa kulia baada ya kuzaliwa, tuandike pia, maana miaka ijayo akianza kuanguka, daktari atauliza. Siri ya mgonjwa isitoke nje ya chumba.

Nawe mama, tunza kadi hiyo. Ukihama kambi au ukirudi nyumbani, iwe Kongo au Burundi, ibebe pamoja na vyeti vyako vingine. Mficha uchi hazai.