Kijana wa Sekondari na Barua ya Biashara



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo yahusu hesabu, lakini mali hupotea vilevile kwa tarehe isiyotajwa katika barua, kwa idadi iliyoachwa bila kuandikwa, na kwa ujumbe ulioeleweka nusu. Jumapili hii nakuomba tulitafakari jambo ambalo aghalabu twawaachia walimu peke yao: je, kijana wetu aliyeko sekondari aweza kuandika barua ya biashara ambayo mtu asiyemfahamu ataisoma na kuitekeleza bila ya kuuliza swali la pili?

Na tuanzie Itungi, wilayani Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Kwa miaka mingi bandari hiyo ndiyo iliyokuwa lango la ziwa kwa upande wetu. Meli za Songea na Iringa zilitoka hapo, zikapita Lupingu, Manda na Liuli hadi kufika Mbamba Bay. Mchanga ulipopunguza kina cha maji, shughuli za meli zilihamia Kiwira, jirani na hapo. Hata hivyo, tabia ya biashara ya mwambao huo haikubadilika. Kyela ina mchele, kakao, ndizi na mawese. Ziwa lina samaki na dagaa. Muuzaji yuko bandari hii, mnunuzi yuko bandari nyingine, na kati yao pana maji mengi. Mzigo husafiri pamoja na karatasi yake, naye mwenye mzigo hubaki nyumbani. Karatasi hiyo ikikosa neno moja, hakuna mtu melini wa kulisema kwa niaba yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja mfanyabiashara wa Kyela amwagiza mwanawe wa kidato cha tatu amwandikie mteja wao wa Mbamba Bay. Kijana achukua kalamu na kuandika: “Shikamoo mzee. Sisi hatujambo. Mama anasema utuletee dagaa kama wale wa siku ile, nasi tutakuletea mchele. Tafadhali usichelewe.”

Barua hiyo ina adabu, wala hakuna atakayemlaumu kijana kwa utovu wa heshima. Lakini hebu jiweke mahali pa huyo mzee. Dagaa magunia mangapi? Waliokaushwa juani au waliokaangwa? Bei ni ipi? Nauli ya mzigo atalipa nani? Na huko kuchelewa kunaanza siku gani? Mzee atafanya anavyodhani. Mama naye, aliyekwisha kuwaahidi wateja wake sokoni, atapokea magunia mawili badala ya matano, tena baada ya siku ya gulio kupita. Hasara itaingia, na huenda ugomvi ukafuata baina ya watu wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mwongo.

Sasa soma hii: “Shikamoo mzee. Mama anaomba magunia 5 ya dagaa waliokaushwa juani, kwa bei mliyokubaliana tarehe 3 Machi. Tafadhali yafike bandari ya Kiwira kabla ya tarehe 20 Machi. Nauli ya mzigo tutailipa sisi. Atakayepokea ni mama mwenyewe, akiwa na nakala ya barua hii. Iwapo idadi hiyo haitapatikana, tunaomba utujulishe kabla ya tarehe 12, ili tutafute kwingine. Sisi hatujambo, nasi twakutakia heri.”

Tofauti ya barua hizi mbili haiko katika ufundi wa lugha. Ya pili imemfikiria msomaji wake. Imejua atauliza nini, ikamjibu kabla hajauliza. Huo ndio msingi wote wa mawasiliano ya biashara, na kijana yeyote aweza kufundishwa.

Wala wazo hili si geni nchini petu. Chuo cha Elimu ya Biashara kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1965. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akisisitiza kwamba shule imtayarishe mtoto kwa maisha atakayoyaishi. Katika miaka ya 1970 shule zetu za sekondari zikagawanywa kwa michepuo, na biashara ikawa mmojawapo, pamoja na kilimo, ufundi na sayansikimu. Leo mtaala ulioboreshwa, unaofuata toleo la mwaka 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, umeliweka somo la biashara miongoni mwa masomo ya lazima. Mlango umefunguliwa. Lililobaki ni namna ya kufundisha.

Hatari iliyopo ni ya kukariri. Mwanafunzi aweza kujua anwani huandikwa upande gani na sahihi hukaa wapi, akapata alama zake, kisha akashindwa kuandika maneno manne ya maana katikati ya barua. Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Mwalimu na aligawe darasa makundi mawili. Moja liwe Kiwira, lingine Mbamba Bay. Kila kundi liagize bidhaa kwa barua, na kundi la pili litekeleze yale tu yaliyoandikwa, bila ya kuuliza kwa mdomo. Kosa litajionyesha lenyewe. Kisha wafundishwe barua ya malalamiko, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, kwani biashara haigombi. Anayelalamika ataje mzigo, tarehe, upungufu na anachoomba kitendeke. Matusi hayajapata kurudisha gunia lililopotea.

Na lugha je? Mitihani mingi ya sekondari huandikwa kwa Kiingereza, nayo lugha hiyo yafaa, hasa kwa wilaya inayopakana na Malawi pale Kasumulu. Lakini soko la Kyela lazungumza Kiswahili, na nyumbani Kinyakyusa. Kijana na ajue kuandika ankara kwa lugha zote mbili za shule, na aweze kumweleza bibi yake yaliyomo kwa lugha ya nyumbani.

Hapo kwa bibi ndipo penye uzito wa jambo hili. Kakao ya Kyela huuzwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi za ghala, kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Mkulima hupeleka zao lake, likapimwa, naye akapewa karatasi. Karatasi ile ndiyo kakao yake mpaka siku ya malipo. Ikiwa uzito ulioandikwa ni tofauti na ule uliosomwa mizanini, wakati wa kusema ni palepale, wala si mwezi ujao. Itakuwa aibu gani kwetu, ikiwa nyumbani mna mwanafunzi wa kidato cha nne, na bibi anaitia karatasi hiyo chini ya godoro bila ya mtu kumsomea!

Wako watakaosema kwamba siku hizi kuna simu, na barua zimepitwa na wakati. La hasha. Ujumbe wa simu ni barua fupi, na kwa ufupi wake ndio hasa unaohitaji uangalifu. Mliyokubaliana kwa sauti, yaandikeni na kutumiana siku ileile: idadi, bei, tarehe na jina la mpokeaji. Sauti hupita, maandishi hubaki kuwa shahidi.

Basi, ndugu mzazi, usingoje shule ikumalizie kazi yote. Wiki hii mpe mwanao kazi moja ya kweli: aandike agizo la duka lako, au akusomee stakabadhi iliyoko kabatini. Akimaliza, mpe jirani asome, kisha mwulize jirani anatakiwa kufanya nini. Akisitasita, mrudishie kijana kalamu, bila ya kumkaripia, aandike upya.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia wewe na jamaa yako wiki njema.