Kiangazi Kisitunyime Mboga

Mkoa wa Ruvuma haujulikani kwa njaa. Mahindi yake hulisha mikoa mingine, maharage hustawi Umatengoni, kahawa ya Mbinga huuzwa ng'ambo, na Ziwa Nyasa hutoa usipa na mbasa. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 uliwakuta takriban watoto 4 kati ya kila 10 wa mkoa huu, wenye umri chini ya miaka mitano, wakiwa na udumavu, ilhali wastani wa nchi haukufika theluthi moja. Udumavu una sababu nyingi, yakiwemo maradhi ya kuhara, malaria na uzito wa kazi anazobebeshwa mama mjamzito, na hakuna mboga iwezayo kuumaliza peke yake. Lakini sababu mojawapo ni mlo ambao ugali umejaa na mboga ya majani ni haba, na hiyo kaya inaweza kuishughulikia yenyewe. Ndiyo maana nasema kila kaya ya hapa kwetu Tingi, na ya vijiji vyote kuanzia Mbinga hadi ufukweni mwa ziwa, iwe na tuta la sukuma wiki kabla ya kiangazi, na serikali ya kijiji ihesabu tuta hilo kuwa maendeleo kama inavyoihesabu miche ya kahawa.

Tatizo letu lina majira. Mvua zikinyesha, majani ya maboga, kunde na mchicha hupatikana shambani bila jasho kubwa. Kuanzia Juni hadi Oktoba hayo yote hukauka, na kwa wengi hubaki mboga zilizokaushwa, ambazo zimepoteza sehemu kubwa ya vitamini C. Sukuma wiki inaziba pengo hilo vizuri kuliko kabichi, ambayo ukishaikata umemaliza. Miche hukaa kitaluni wiki nne hadi sita, na miezi miwili hivi baada ya kupandikizwa huanza kuchumwa. Ukichuma majani ya chini, ukaacha matano au sita ya juu, na kuondoa maua yanapochomoza, shina hilohilo litakulisha kwa miezi. Ubaridi wa milimani wa Juni na Julai unaipendeza. Kwenye joto la ufukweni itahitaji kivuli kidogo. Majani yake yana madini ya chokaa ambayo mwili huyapokea kwa urahisi kuliko yale ya mchicha, na kiini cha vitamini A, ambacho hufyonzwa vyema mboga ikiungwa kwa karanga au mafuta.

Pingamizi la kwanza ni maji, nalo ni la haki. Tufanye hesabu. Miche 30 iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 50 kila upande haizidi mita 8 za mraba. Tuta hilo, likiwekwa samadi na kufunikwa kwa nyasi, linatosheka na takriban lita 30 kwa siku, yaani ndoo moja na nusu, na sehemu yake inaweza kuwa maji ya kuoshea mboga na nafaka yanayomwagwa uani. Kila shina likitoa majani mawili kwa wiki, kaya inapata majani 60. Zito zaidi ni swali la nani atachota maji hayo. Kama tuta litaongezwa juu ya kuni, jiko na uchumaji wa kahawa anaoufanya mama, tutakuwa tumemtwisha mzigo mwingine kwa jina la lishe. Baba na vijana wachote maji na wajenge uzio wa kuzuia kuku na mbuzi. Bila hivyo mpango huu hautadumu.

Wapo watakaosema kahawa italeta fedha na mboga itanunuliwa. Fedha ya kahawa huja kwa msimu, ikisubiriwa na sare za shule, mbolea na madeni. Mtoto anahitaji mboga kila siku. Wengine watauliza kwa nini tusitukuze mboga zetu za asili. Tuzitukuze, na mchicha upandwe tuta hilohilo. Sukuma wiki haiji kufukuza chochote. Vidukari na viwavi navyo vipo, ila katika miche 30 mtu anaweza kukagua kila jani na kuvitoa kwa mkono. Wamatengo waliobuni kilimo cha ngoro kwenye miteremko mikali, kinachohifadhi udongo na maji hadi leo, hawawezi kushindwa na tuta moja la uani.

Basi Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji isiishie kwenye kupima watoto. Pawe na kitalu cha pamoja, na mzazi aondoke na miche mkononi. Mikutano ya vijiji isimamie sheria ndogo za mifugo inayozurura. Mbegu zisiwe kazi ya kukumbukwa Julai, udongo ukishakauka. Ziwe kitaluni ikifika Aprili, ili miche ihamishiwe tutani Mei, udongo ukiwa bado na unyevu.