Mtandao huagiza chanjo, haulipi bili

MIEZI ya Mei na Juni 2025, akina mama wengi nchini Kenya walifika kliniki na watoto wachanga wakaambiwa warudi siku nyingine. Chanjo ya kifua kikuu, BCG, na ile ya polio ya matone zilikuwa zimeadimika. Kwa mama muuza mboga, kurudi huko ni nauli mara mbili na kibanda kufungwa, na mtoto bado hana kinga.

Upungufu wa aina hii huweza kuletwa na hesabu mbovu au na ukosefu wa fedha, na ni vyema kutenganisha hayo mawili.

Kwenye hesabu ndipo programu za kuagizia mtandaoni zinaposaidia. Mwenye duka anajua kuwa kilichouzwa ndicho kilichotoka rafuni. Chanjo si hivyo. Kichupa cha BCG kwa kawaida huwa na dozi 20, na kikishafunguliwa kinachobaki hutupwa baada ya saa sita. Wakija watoto watano, dozi 15 zimepotea. Ndiyo maana zahanati nyingi hutenga siku maalumu ya chanjo hiyo. Afisa anayetazama idadi ya watoto waliochanjwa pekee ataagiza kidogo. Anayeogopa kuishiwa ataagiza nyingi mno, zipitwe na tarehe ndani ya jokofu. Isitoshe, daftari likijazwa mwisho wa mwezi, bohari hupata habari stoki ikiwa imekwisha kitambo.

India ilianza kulishughulikia tatizo hili mwaka 2015 kwa mfumo uitwao eVIN, kwa usaidizi wa shirika la UNDP. Baada ya siku ya chanjo, mtunza jokofu huingiza kwenye simu idadi ya dozi zilizoingia, zilizotumika na zilizoharibika. Kifaa kidogo hupima joto la jokofu, linalopaswa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8, na kutuma onyo likipanda au likishuka. (Kushuka nako ni hasara: chanjo ya pepopunda ikiganda imeharibika.) Faida kubwa, kwa maoni yetu, si kasi ya oda. Ni kwamba afisa wa wilaya huona zahanati moja ina ziada ilhali jirani yake haina kitu, akahamisha kabla ya kuagiza nyingine. Juu ya msingi huo India ilijenga CoWIN, mfumo wa chanjo za Covid-19.

Tanzania na Kenya nazo zina mifumo yao ya aina hii. Tatizo ni muuguzi aliye peke yake zahanati, anayetakiwa kujaza daftari na kompyuta pia. Akilazimishwa vyote viwili, kimoja kitajazwa kwa kubahatisha.

Tuje kwenye fedha. Chanjo kama BCG Kenya hununua kwa fedha za serikali kupitia UNICEF. Viwanda vinavyoitengeneza ni vichache duniani na oda huchukua miezi. Malipo yakichelewa, skrini itaonyesha oda iliyopigwa vizuri kabisa na bohari tupu. Na upungufu ukiwa wa nchi nzima, hakuna zahanati jirani ya kuazima.

Kwa hiyo mkulima anayekaa kwenye kamati ya zahanati, akiambiwa mfumo mpya umeletwa, aulize kama kando ya tarehe ya kuagiza utaonyesha pia tarehe ya kulipa.