MBUGA ZETU, VITANDA VYAO!

Ndugu msomaji, wewe kijana wa Manzese, wa Mabatini, wa Unga Limited, nikuulize swali la kijiweni lisilohitaji digrii. Umewahi kulala porini? Sina maana ya kulala shambani kwa babu ukilinda mahindi yasiliwe na nguruwe. Nauliza kuhusu zile hoteli za mbugani, hema lina kitanda cha futi sita, bafu lina maji ya moto, na tembo anapita mbele ya kibaraza chako. Hujawahi. Jirani yako hajawahi. Hata mwalimu aliyekukaririsha majina ya mbuga zenye sifa dunia nzima, naye hajawahi.

Kila mwaka tunaambiwa kosa ni letu. Wakubwa wanapanda jukwaani, wanakunywa maji ya chupa, wanatangaza kwamba Watanzania hatuna utamaduni wa kutalii, sisi ni wa bia na mpira tu. Maneno hayo nayakataa mchana kweupe. Njoo tuchukue mbuga moja, tupige hesabu pamoja.

Mbuga hiyo ni Mkomazi. Panda basi la Moshi kutoka Dar, litakushusha Same mjini. Lango la Zange liko kilometa chache tu kutoka hapo. Ndani kuna zaidi ya kilometa za mraba 3,200 za nchi kame, iliyojibanza nyuma ya milima ya Upare na Usambara na kupakana na Tsavo ya Kenya. Milima ndiyo inayonyang'anya mvua, pori linabaki na vumbi na miiba. Jina lenyewe husemwa kwamba linatokana na Kipare, yaani maji ya kujaza kijiko. Kiweke akilini kijiko hicho, tutakihitaji mbele ya safari.

Usidhani ukame huo ni utupu. Kuna choroa mwenye pembe kama mikuki miwili. Kuna swala twiga, anayesimama kwa miguu ya nyuma kama mtu anayechungulia ukutani, ale majani ambayo wenzake hawayafikii. Kuna mbwa mwitu, kuna faru weusi, kuna tembo wanaovuka mpaka wa Kenya bila pasi na bila kutoa kitu kidogo kwa askari. Kijana yeyote akiviona hivyo atasimulia kijiweni mwaka mzima.

Sasa hesabu. Raia analipa kiingilio kwa shilingi, elfu chache tu, wakati mgeni kutoka ng'ambo analipa zaidi ya hapo. Hapo naipongeza serikali, maana kuwa mpinzani siyo kuwa mchawi. Lakini ukishalipa, unaingiaje? Daladala haziingii. Kujitembelea kwa miguu unavyotaka hakuruhusiwi, na ni haki, simba hasomi kitambulisho. Lazima ukodi gari, na bei ya gari haijui kama wewe ni raia. Jua likizama, unalala wapi? Hoteli ya porini ni biashara ya mtu binafsi, na bei ya kitanda mara nyingi hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Kwa maneno mengine, punguzo la raia limeishia getini. Wamekufungulia mlango wa nyumba, wakaondoa ngazi, kisha wanakulaumu kwa nini huingii!

Wala tatizo siyo pesa peke yake. Kuna siku nilitumwa habari kwenye hoteli moja ya porini, siyo ya Mkomazi, jina naliweka kapuni. Malipo yangu yalikwishafanywa. Binti wa mapokezi alikuwa ameshika sinia, juisi na kitambaa chenye maji baridi cha kufutia vumbi, akaniuliza kwa heshima zote, "Karibu kaka, wageni wako wako kwenye gari?" Nikamwambia mgeni ni mimi. Akacheka, akidhani natania, akanionyesha kwa kidole nyuma ya jiko, vilipo vyumba vya madereva. Alipokuja kuelewa aliomba radhi mpaka nikaona haya. Binti yule simlaumu hata kidogo. Kazi yake imemfundisha kwamba Mwafrika anayefika pale kaleta wageni. Fikiria, ndugu msomaji, ndani ya nchi yako neno "mgeni" limekuwa cheo, na wewe hujakipata!

Kuna jambo jingine ambalo vipeperushi vya hoteli za porini havisemi. Vinauza ukimya. Vinauza pori lisilo na mtu. Turudi Mkomazi tuulize: ukimya huo ulitoka wapi? Eneo hilo lilitangazwa pori la akiba mwaka 1951, na wafugaji waliendelea kuishi na kuchunga humo kwa miaka mingi. Mwaka 1988 waliondolewa. Zaidi ya hamsini kati yao wakaenda mahakamani, na mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ikafunga mjadala. Ilisema hawakuthibitisha kwamba wao ndio wenyeji wa asili wa ardhi ile. Hawakurudi. Mwaka 2008 Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa, na leo ng'ombe akikutwa ndani ni kosa na faini.

Faru nao wana safari yao. Ujangili ulikuwa umewamaliza Mkomazi. Mwaka 1997 wakaanza kuletwa wengine kutoka Afrika Kusini, mwaka 2009 wakaja kutoka Jamhuri ya Czech, mwaka 2012 kutoka Uingereza. Walipanda ndege kuja kukaa mahali ambapo mfugaji alitolewa.

Usinielewe vibaya. Sisemi faru warudishwe Ulaya. Bila ulinzi, majangili wangebakiza mifupa, na mimi na wewe tungewaonyesha watoto wetu faru kwenye noti tu. Ninachosema ni kwamba gharama ya kulinda pori ililipwa na mtu maskini, na faida yake analala nayo mtu mwingine. Hapa ndipo kile kijiko kinapoingia. Mgeni wa hoteli ya porini anaoga asubuhi na jioni. Mama wa kijiji cha nje ya mpaka anatembea na ndoo, na kiangazi kikibana mwanawe anachungulia nyasi za ndani huku akimwogopa askari. Maji ya kijiko kimoja, wanywaji ni tofauti!

Basi tudai nini? Kwanza, katika kila hifadhi ya taifa yawepo malazi ya raia, hosteli safi ya vitanda vya chuma na neti, bei kwa shilingi, imebandikwa getini. Baadhi ya hifadhi zina nyumba za namna hiyo, kwa hiyo jambo linawezekana. Pili, siku za Jumamosi liwepo basi la hifadhi kutoka mji wa jirani, Same ukiwa mmoja, nauli ya mtu wa kawaida. Tatu, kila mwenye hoteli anayepewa ruhusa ya kujenga porini apewe na sharti la kuchimba kisima nje ya mpaka, cha watu na cha mifugo, kabla hajachimba bwawa la kuogelea. Nne, watoto wa vijiji vile wasiishie kubeba mizigo ya wageni, wasomeshwe uongozaji na uendeshaji wa hoteli.

Na wewe kijana, usikae kijiweni ukisubiri waziri. Mwaka 2022 filamu ya Royal Tour ilizinduliwa New York kuwaalika wenzetu wa huko. Wewe jialike mwenyewe. Kusanyeni watu saba, kodini Noah, laleni gesti ya Same, ingieni alfajiri, mchana jua linaua na wanyama wanajificha. Nendeni kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, njia zikiwa kavu. Bebeni maji yenu na vitambulisho vyenu, msije mkatozwa bei ya wageni kwenye nchi yenu. Mkipita karibu na hoteli ya porini, simameni mwulize bei ya kitanda. Ulizeni kwa sauti, bila woga, kisha andikeni bei hiyo na kuileta mtaani ijulikane.

Siku watu elfu watakapouliza bei ile, mtu wa mapokezi hatamwuliza tena Mtanzania wageni wake wako wapi.

Naomba kutoa hoja.