Mofini Haingoji Kilio
Na Idrisa Kalinga

Katika nyanda hizi za Iringa, ambako mtu mzima hulelewa akijua kwamba kupiga ukelele mbele ya wanawe ni fedheha, mgonjwa wa saratani aulizwapo hali hujibu kwamba hajambo, na muuguzi aliyezidiwa na kazi, asiulize mara ya pili, huandika kwamba ana nafuu. Ustahimilivu huu tumeusifu kupita kiasi. Juu yake imeongezeka hofu: jamaa wakisikia kwamba mofini, dawa ya mama yao, asili yake ni afyuni, hudhani ama atageuzwa teja, ama tabibu amekwisha kata tamaa naye.

Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya haikutungwa ili kumtia tabibu woga. Nao Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, ulio msingi wa sheria za namna hiyo duniani, wakiri katika dibaji yake kwamba dawa hizi ni za lazima katika kutuliza maumivu, na kwamba yapasa zipatikane.

Tangu 1986 Shirika la Afya Duniani limefundisha kwamba dawa ya maumivu hufuata saa, wala haingoji kilio. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, kwa kuwa maumivu yaliyoachwa yakarudi huwa magumu kuyashusha. Dozi ya kwanza huwa ndogo, pengine miligramu 5, au nusu yake kwa mzee aliyedhoofu, kisha tabibu huipandisha kwa hisabati. Usingizi na kichefuchefu vya siku za awali aghalabu hupungua vyenyewe, lakini kufunga choo hakupungui, na kwa hiyo dawa ya kulainisha choo yapasa iandikwe siku ile ile.

Hata hivyo, yako maumivu ambayo mofini pekee haiyamalizi. Yale ya mishipa ya fahamu, yachomayo kama pilipili kwenye kidonda, huitikia amitriptilini, ambayo wengi waijua kuwa dawa ya sonona; ini lililovimba au uti wa mgongo uliobanwa huhitaji deksamethasoni; na mifupa iliyoingiliwa na saratani hupata faraja kwa ibuprofeni, ikiwa figo na tumbo vyaruhusu, au kwa mionzi, ambayo sisi twaifuata hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 500 hivi.

Umbali huo ndio unaonisumbua zaidi. Wako waliojitahidi kuisogeza huduma karibu: Kanisa la Kilutheri lilianza tiba shufaa, yaani tiba ya kumtuliza mgonjwa mahututi maumivu yake, katika hospitali ya Selian, Arusha, mwaka 1999, likaieneza hadi hospitali zake nyingine, Ilembula ikiwamo. Huko Uganda, Daktari Anne Merriman alikuwa amekwisha kutangulia mwaka 1993, na mwaka 2004 nchi ile ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa tiba shufaa kuandika mofini wenyewe. Sioni kwa nini Wizara yetu isilitazame jambo hilo kwa ajili ya Kilolo na Mufindi, ambako kwa mgonjwa asiyeweza tena kupanda basi, muuguzi wa zahanati ndiye tabibu pekee atakayemfikia.